Jinsi ya Kuzitanguliza Folda Mbele ya Faili Katika Windows, Mac na Linux

Kompyuta inapoonyesha vilivyomo ndani ya folda, kuna jambo moja ambalo huwa limekwisha kuamuliwa kabla mtumiaji hajagusa chochote: ama folda ndogo zilizomo humo zikae pamoja juu ya orodha na faili zifuate chini yake, ama vyote vichanganywe kwa kufuata alfabeti, bila kujali kipi ni folda na kipi ni faili. Windows imekuwa ikizitanguliza folda tangu enzi za Windows 95. Mac tangu mwanzo imevichanganya, na ndiyo maana mtu aliyezoea Windows akikabidhiwa Mac hulalamika kwamba folda zake zimetawanyika. Kwenye Linux jibu hutegemea programu ya kuvinjari faili iliyowekwa katika kompyuta husika.

Tuchukue folda ya ofisi ya shule ya sekondari. Ndani yake mna folda nne, nazo ni Ada, Barua za Wazazi, Mitihani na Usajili, pamoja na faili nne: Bajeti, Mahudhurio, Nembo na Ratiba. Vikichanganywa, orodha itasomeka hivi: Ada, Bajeti, Barua za Wazazi, Mahudhurio, Mitihani, Nembo, Ratiba, Usajili. Kwa vitu vinane hakuna tatizo, kwa kuwa jicho linavimaliza vyote mara moja. Lakini ratiba hubadilika kila muhula, na kila inapobadilika huhifadhiwa kwa jina jipya. Mahudhurio nayo huwa na faili ya kila darasa na kila mwezi. Kabla mwaka haujaisha, folda ya Usajili itakuwa imesukumwa chini kabisa, mahali ambapo haionekani mpaka mtu ashuke na kipanya, na mwalimu mgeni anayeitafuta kwa haraka anaweza kudhani kwamba haipo akaunda nyingine. Hapo ndipo nyaraka za aina moja zinapoanza kukaa sehemu mbili. Folda zikitangulizwa, zile nne hubaki juu daima, hata faili zikiongezeka kiasi gani.

Majina ya vitufe na menyu nimeyaandika kama yanavyoonekana kwenye kompyuta iliyowekewa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo zilivyo kompyuta nyingi za maofisini kwetu.

Windows

Katika Windows hakuna kisanduku cha kuweka tiki ili folda zitangulie, kwa sababu huo ndio utaratibu wake wa kawaida. Kazi iliyopo ni kuurudisha utaratibu huo pale ulipovurugika, na mara nyingi huvurugika kwa mojawapo ya sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mpangilio kugeuzwa. Orodha ikiwa katika mwonekano wa "Details", juu yake huwa na vichwa vya safu: "Name", "Date modified", "Type" na "Size". Ukibofya neno "Name" mara moja, majina hupangwa kuanzia A. Ukilibofya tena, hugeuka na kuanzia Z, na folda zote hushuka chini ya faili. Watu wengi hufanya hivyo bila kukusudia, kidole kinapoteleza kwenye kipanya cha kompyuta mpakato, kisha hudhani kwamba folda zao zimefutwa. Tazama juu ya neno "Name": kuna mshale mdogo sana unaoonyesha upande wa mpangilio. Libofye neno hilo mara moja zaidi na folda zitarudi juu. Ikiwa huoni vichwa vya safu kwa sababu unatumia mwonekano wa picha kubwa, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu ndani ya folda, peleka kipanya kwenye "Sort by", chagua "Name", kisha rudi pale pale na uchague "Ascending".

Sababu ya pili ni kupanga kwa makundi, jambo ambalo ni tofauti na kupanga kwa mfuatano, ingawa menyu zake zinakaa pamoja. Mfano ulio wazi zaidi ni folda ya "Downloads", ambayo katika matoleo ya karibuni ya Windows huja ikiwa imegawanywa kwa vipindi: vya leo, vya jana, vya wiki iliyopita na kadhalika. Folda uliyoiweka humo mwezi uliopita itakaa chini ya kila kitu ulichopakua leo, hata kama umechagua kupanga kwa majina, kwa sababu kipindi huangaliwa kwanza na jina huangaliwa baadaye. Ukitaka kuondoa makundi hayo, bofya kitufe cha kulia mahali patupu, nenda kwenye "Group by", uchague "None". Baada ya hapo rudia hatua ya kuchagua "Name" na "Ascending".

Kwa maoni yangu, "Downloads" ni mahali pekee ambapo mpangilio wa tarehe unastahili kuachwa kama ulivyo. Mtu huingia humo kutafuta kitu alichokipakua dakika chache zilizopita, wala haingii kutafuta folda. Mahali pengine pote pa kazi, folda zitangulie.

Ukishaipanga folda moja unavyotaka, unaweza kuiagiza Windows itumie mpangilio huo huo kwa folda nyingine zote za aina hiyo, badala ya kurudia kazi katika kila moja:

1. Fungua folda uliyokwisha kuipanga na uhakikishe kwamba mwonekano wake ndio unaoutaka kila mahali.
2. Katika Windows 11, bofya vitone vitatu vilivyo kwenye upau wa juu, kisha "Options". Katika Windows 10, bofya kichupo cha "View", kisha "Options" iliyo mwisho wa upande wa kulia.
3. Katika dirisha dogo litakalofunguka, chagua kichupo cha "View".
4. Bofya "Apply to Folders", na ukiulizwa kama una hakika, jibu "Yes".
5. Bofya "OK" kufunga dirisha.

Maneno "za aina hiyo" yana uzito wake. Windows hugawa folda katika aina tano, yaani za vitu vya jumla, za nyaraka, za picha, za muziki na za video, na agizo ulilolitoa ukiwa ndani ya folda ya nyaraka haliigusi folda ya picha. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata hatua zote hizo kwa usahihi na bado akakuta folda moja inakaidi. Ili kujua folda ni ya aina gani, bofya kitufe cha kulia juu yake, chagua "Properties", kisha kichupo cha "Customize". Hapo utaona aina yake chini ya maneno "Optimize this folder for". Unaweza kuibadilisha iwe "General items", au ukarudia zile hatua tano ukiwa ndani ya folda ya aina hiyo nyingine.

Kitu ambacho File Explorer, yaani kivinjari cha faili cha Windows, hakikupi ni folda kubaki juu huku majina yakisomeka kutoka Z kwenda A. Ukigeuza majina, folda hushuka pamoja nayo. Anayehitaji hivyo anaweza kutumia programu ya Double Commander, ambayo ni ya bure na ina mpangilio wake wa kupanga folda, au akatumia amri nitakayoieleza mbele.

Mac

Kwenye Mac uwezo wa kuzitanguliza folda ulikuja na macOS Sierra mwaka 2016, na mpaka leo huja ukiwa umezimwa. Kuuwasha ni kazi ya muda mfupi. Bofya mahali patupu kwenye eneo la kazi ili jina Finder, ambacho ndicho kivinjari cha faili cha Mac, litokee juu kushoto mwa kioo. Bofya jina hilo, kisha uchague "Settings". Katika matoleo yaliyotangulia macOS Ventura ya mwaka 2022, mahali hapo paliandikwa "Preferences". Njia ya mkato ni kubonyeza Command pamoja na alama ya mkato (,). Katika dirisha litakalofunguka nenda kwenye "Advanced", utafute maneno "Keep folders on top", na chini yake weka tiki kwenye "In windows when sorting by name". Ikiwa unataka pia folda zilizo kwenye eneo la kazi zitangulie, weka tiki kwenye "On Desktop". Hakuna kitufe cha kuhifadhi. Mabadiliko hutokea papo hapo.

Yasome vizuri maneno ya kile kisanduku cha kwanza, kwa maana yamebeba sharti: folda zitatangulia pale tu orodha inapopangwa kwa majina. Ukibofya safu ya "Date Modified" ili uone kilichobadilishwa karibuni, folda zitarudi kuchanganyika na faili kwa kufuata tarehe zake. Hilo si hitilafu, na huna haja ya kuwasha upya kompyuta wala kuondoa tiki na kuirudisha. Bofya "Name" na folda zitapanda tena.

Kama umeweka tiki, umebofya "Name", na bado folda zimetawanyika, angalia menyu ya "View". Huenda "Use Groups" imewashwa, nayo hugawa vitu kwa makundi kabla ya kuvipanga, kama tulivyoona kwa Windows. Izime. Katika mwonekano wa aikoni kuna jambo jingine: vitu vinaweza kuwa havijapangwa kwa utaratibu wowote bali vimekaa pale vilipoachwa, kwa hiyo ingia "View", kisha "Sort By", uchague "Name". Ukitaka mwonekano huo uwe wa kawaida kwa madirisha mengine, bonyeza Command na J, halafu bofya "Use as Defaults" iliyo chini ya kidirisha kitakachotokea.

Utakapokuwa umemaliza, unaweza kushangaa kuona programu, zile zinazoishia na .app, zimebaki kwenye kundi la faili. Kwa undani wake kila moja ya hizo ni folda iliyojaa faili nyingine, lakini Finder huionyesha kama kitu kimoja kwa sababu mtumiaji hatarajiwi kuingia ndani yake, na ni sawa ilivyo.

Linux

Ubuntu na Fedora, kwa wanaotumia toleo lao la kawaida, zina kivinjari cha faili kiitwacho Files, ambacho wazoefu hukiita Nautilus. Katika matoleo yake mengi GNOME, ambayo ndiyo inayokitengeneza, imekitoa kikiwa kinachanganya folda na faili. Ubuntu huubadilisha uamuzi huo na kuzitanguliza folda, ilhali Fedora huuacha ulivyo. Basi usishangae kompyuta mbili zenye programu ile ile zikionyesha orodha tofauti. Fungua Files, bofya kitufe chenye mistari mitatu, chagua "Preferences", kisha washa "Sort Folders Before Files".

Fundi mwenye chumba cha kompyuta za wanafunzi hatapenda kuzunguka mashine moja moja. Kwa ajili yake ipo amri, ambayo inaweza kuandikwa ndani ya hati ya amri na kuendeshwa kwa kila mtumiaji:

gsettings set org.gtk.gtk4.Settings.FileChooser sort-directories-first true

Files iliyotoka kabla ya GNOME 43 ya mwaka 2022 husikiliza amri nyingine inayofanana na hiyo:

gsettings set org.gtk.Settings.FileChooser sort-directories-first true

Mimi ningeziendesha zote mbili hata kwenye mashine mpya, kwa sababu ya jambo ambalo huwachanganya wengi. Unapokuwa ndani ya programu nyingine, tuseme ya kuhariri picha, ukabofya "Open", dirisha linalokuja kukuonyesha faili mara nyingi si la Files. Ni dirisha la programu hiyo yenyewe, lililojengwa kwa GTK, yaani maktaba ya vipande vya kujengea madirisha ya programu, na ikiwa programu ni ya zamani kidogo linaweza kuwa linafuata mpangilio ule wa pili. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa amezitanguliza folda vizuri kwenye Files, halafu akakuta zimechanganyika pale pale anapozihitaji zaidi. Katika madirisha ya GTK 3 unaweza pia kubofya kitufe cha kulia ndani ya orodha ya faili, na menyu itakayofunguka ina "Sort Folders before Files".

Wanaotumia Linux Mint yenye Cinnamon wana Nemo. Kwao folda hutangulia tangu mwanzo, na zikiwa hazitangulii, ingia "Edit", "Preferences", kisha "Views", na uweke tiki kwenye "Sort folders before files". Thunar ya XFCE ina kisanduku chenye maneno hayo hayo ndani ya "Preferences" zake. Kwenye Dolphin ya KDE, tafuta "Sort By" na ndani yake "Folders First". Dolphin inaweza kuwekwa ikumbuke mwonekano wa kila folda peke yake, na ikiwa imewekwa hivyo, utarekebisha folda moja na ya jirani ibaki kama ilivyokuwa. Ikikutokea, nenda kwenye mipangilio ya Dolphin uchague folda zote zitumie mwonekano mmoja.

Kwa kuandika amri

Anayefanya kazi kwenye terminali ana uhuru mkubwa kuliko anayetumia kipanya, kwa kuwa humo folda zinaweza kutangulia chini ya mpangilio wowote. Katika Linux, amri ni hii:

ls --group-directories-first

Ongeza -lt na faili zitapangwa kwa tarehe, mpya zikiwa juu, huku folda zikiendelea kutangulia. Ili usilazimike kuandika maneno hayo marefu kila mara, fungua faili ya .bashrc iliyo kwenye folda yako ya nyumbani, uongeze mstari huu mwishoni:

alias ls='ls --color=auto --group-directories-first'

Hifadhi, funga terminali, ufungue nyingine. Amri ya ls iliyomo ndani ya Mac haina uwezo huo. Anayeuhitaji huko huweka kifurushi cha coreutils kwa njia ya Homebrew, programu ya kuweka vifurushi kwenye Mac, kisha hutumia gls badala ya ls.

Katika Windows, fungua Command Prompt uandike:

dir /o:gn

Herufi g huagiza folda zikusanywe mbele, na n huagiza majina yafuate alfabeti. Alama ya kutoa hugeuza mpangilio wa herufi inayoifuata, kwa hiyo dir /o:g-n hutoa folda kwanza na majina kutoka Z kwenda A, kitu ambacho tuliona kivinjari cha kawaida hakikitoi. Kwa tarehe, dir /o:g-d huanza na folda, na vilivyo vipya hutangulia vilivyo vya zamani. Ukiridhika na mpangilio mmojawapo, uandike mara moja kwa setx DIRCMD /o:gn, ufungue dirisha jipya, na tangu hapo dir peke yake itaufuata.

Mpangilio unaosafiri na folda

Yote yaliyoelezwa hapo juu hubadilisha namna orodha inavyoonyeshwa kwenye kompyuta yako, wala hayabadilishi chochote katika folda zenyewe. Ukiinakili folda ya shule kwenye flashi na kumpa mwenzako mwenye Mac, ataiona kwa mpangilio wa Mac yake. Ikiwa folda fulani lazima zitangulie kwa kila atakayezifungua, njia ya kutegemewa ni kuzipa namba mwanzoni mwa majina: 01 Ada, 02 Barua za Wazazi, 03 Mitihani, 04 Usajili. Tarakimu hutangulia herufi katika vivinjari vyote tulivyovitaja, hivyo folda hizo zitakaa juu hata pale ambapo vitu vimechanganywa, mradi tu faili zisianze na tarakimu pia. Andika 01 badala ya 1. Vivinjari vingi vya siku hizi hutambua kwamba 2 ni ndogo kuliko 10, lakini amri ya ls ya kawaida hulinganisha tarakimu moja moja, kwa hiyo huiweka 10 mbele ya 2.

Kwenye Google Drive, ukiifungua kwa kompyuta, menyu ya kupanga ina sehemu ya "Folders" yenye chaguo la kuziweka juu au kuzichanganya na faili. Chagua "On top".

Kuna hali moja ambayo hata namba huenda zisisaidie, nayo ni flashi ya muziki au mahubiri inayochomekwa kwenye redio ya gari. Redio nyingi za namna hiyo hazipangi chochote, bali husoma folda na faili kwa mfuatano ule ule zilivyoandikwa kwenye flashi siku ziliponakiliwa. Kwa hiyo orodha iliyo safi kwenye kompyuta inaweza kupigwa ovyo barabarani. Ifute flashi, kisha unakili folda moja baada ya nyingine kwa mfuatano unaoutaka, ukisubiri kila moja imalize ndipo uanze inayofuata. Mwenye Linux anaweza kutumia programu ya fatsort, ambayo hupanga upya orodha ya ndani ya flashi yenye mfumo wa FAT bila kunakili upya, na kwa kawaida yake huzitanguliza folda. Kabla ya kuiendesha, ishushe flashi kwanza, yaani mfumo uiachie ingawa bado imechomekwa, na uwe na nakala ya vilivyomo mahali pengine, kwa sababu programu hiyo huandika moja kwa moja kwenye orodha ambayo flashi huitegemea kujua kila faili ilipo.